Upande Uliokataa Kupungua

Mwanamke akipungua mwili, kifua nacho hupungua. Miaka kumi na tisa ya kupima wanawake ilimfundisha fundi wa nguo hivyo, na hakuhitaji daktari wa kumwambia. Kwa hiyo mdogo wake, mwalimu wa chekechea ambaye ukoo mzima ulimwita Bonge, alipoacha sukari na kuanza kutembea kila alfajiri, fundi alijua mkasi ungeanzia wapi.

"Dada, nibane hapa," Bonge alisema mwezi wa tatu, amejishika kifuani mbele ya kioo. "Nimebaki na soksi tupu."

"Si ulitaka wembamba? Ulidhani kitapungua kiuno peke yake?"

"Nilidhani mafuta yana adabu!"

Walicheka hadi pini zikamtoka fundi mdomoni.

Akabana gauni pande zote mbili. Kulia likakaa. Kushoto likakataa: mshono ulivuta, kitambaa kikajikunja kwapani. Akapima upya kuanzia katikati, upande kwa upande. Tofauti ilikuwa vidole viwili, na zamani haikuwapo. Hakuuliza. Wateja wengi walikuwa na upande mmoja mkubwa, na dawa yake aliijua: kipande cha sponji. Akakishona ndani, upande wa kulia. Gauni likamkaa Bonge kama amezaliwa nalo. Mwezi wa tano fundi akaongeza sponji. Wa saba pia.

"Shosti, umekonda ukapendeza!" walimu wenzake walimwambia.

Bonge alipokwenda hospitali, ni kwa sababu ya maumivu ya mgongo. Fundi alimsindikiza. Daktari alimpima mgongo, kisha kifua, akauliza:

"Huu upande wa kushoto, umeacha kupungua kama mwenzake tangu lini?"

"Hata sijui, daktari," Bonge alisema kwa uchangamfu. "Nguo zangu zote zinanikaa vizuri."

Fundi alitazama mikono yake.

"Tangu mwezi wa tatu," alisema.

Bonge akamgeukia taratibu. "Dada, ulijua?"

"Nilipima tu."

"Na hukuniambia?"

Daktari alianza kuandika.

Saratani ya titi ilikuwa imeshafika mgongoni, na Bonge alizikwa miezi kumi na mmoja baadaye. Katika miezi hiyo yote aliendelea kumletea dada yake nguo za kupunguza, akimtania kama kawaida, na swali lile hakulirudia. Fundi alilisubiri kila alipomshika kumpima.