Mbuzi Aliyekaa Ndani ya Faili

Mume wangu Kayembe alikuwa akipiga video za harusi na matanga hapa Kamina. Mimi sikusoma. Baba alisema shule ni ya wavulana, na hilo sijamsamehe. Lakini nilikaa kando ya Kayembe nikitazama vidole vyake kwenye kompyuta, na amri za Linux nikazishika kwa sura, kama mtu anavyoshika nyuso za watu sokoni. Akiwa kwenye harusi, wateja niliwahudumia mimi.

Alipokufa, matanga hayajaisha, shemeji yangu Kanyinda alibeba televisheni, kamera na diski zote za DVD. Diski alizitundika katika shamba lake la mahindi zifukuze ndege. Kompyuta aliiacha: aliiwasha, akaona maandishi meupe juu ya weusi, akasema imekufa. Kisha akadai kiwanja. Ati kaka yake hakutoa mahari, kwa hiyo miaka kumi na minane nilikuwa mgeni tu. Wazee waliopokea mahari, na mama yangu pia, walikuwa wamekufa wote, na yeye alilijua hilo.

Asichojua ni kwamba Kayembe alihifadhi kila diski ndani ya kompyuta, nzima, katika faili moja, hata sehemu zake tupu.

Chef wa mtaa, yaani mkuu wetu, Papa Monga, alitupa siku ya kusikilizwa. Nikapeleka faili la siku ya mahari yangu kwenye diski kubwa ya nje. Laptop ya sekretari wake, Mama Déborah, ikalikataa, kwa maana lilikuwa la aina ya nrg, ya programu ya zamani. Kanyinda alicheka mpaka akashika ukuta.

"Shemeji, rudia ku mihogo yako. Mashini haiko ya banamuke ba kukosa masomo."

Déborah akanieleza kwamba nilete aina ambayo laptop yake inaijua, tena iingie kwenye kle ya ofisi, ile flash ndogo, kwa sababu kle ndiyo inayobaki ndani ya dosie, jalada la kesi. Kle ilikuwa ya giga mbili. Faili langu lilipita giga nne. Papa Monga akanipa mpaka saa tisa mchana.

Nilichukua kle, nikaenda nyumbani mbio. Wingu lilikuwa limefunika paneli ya jua na betri ilikuwa na chaji kidogo. Niliandika nrg2iso, amri ya kubadili aina ya faili, kisha jina la zamani, jina jipya. Nikakosea herufi, mashine ikakataa. Nikaitazama tena sura ya lile neno, nikarekebisha. ISO, aina ambayo laptop ile inaijua, ikatoka. Kisha nikaibana kwa zip. Kayembe aliwahi kuniambia kwamba diski ile ilijazwa kidogo tu, na utupu ukiukunja hauna uzito, kama gunia lisilo na unga. Giga nne zikawa mega mia nane. Nikazinakili kwenye kle, nikaichomoa, na betri ikazima.

Saa tisa haijafika, Déborah alifungua zip, kisha ISO, na ua wa mama yangu ukatokea. Kijana mwenye koti la kuazima alikuwa akivuta kamba ya mbuzi wa mama, yule ambaye kwetu bila yeye hakuna ndoa. Mbuzi akakaa chini, akagoma. Watu wakacheka, Kayembe wangu kati yao. Yule kijana akapiga magoti mbele ya mama.

"Mama, pokea mbuzi yako. Tangu leo mutoto wako njo wetu."

Papa Monga akataka irudiwe mara mbili. Ya pili, nadhani, ilikuwa kwa ajili ya mbuzi tu.

"Kanyinda, huyu anavuta mbuzi ni nani?"

"Ni minyi, Papa Chef."

"Mbuzi alikatala, weye ukamulazimisha. Leo njo weye unakatala?"

Akaandika kwamba mimi ni mke halali, na kiwanja ni changu na watoto wangu. Nikaweka kidole gumba, kisha nikaandika na jina langu, Lucienne Mbelu, wote wakitazama.

Nje, Kanyinda aliniomba polepole nakala ya video ile. Diski zilikuwa zimeharibiwa na jua, na sura ya kaka yake hakuwa nayo mahali pengine.

"Leta kwanza kamera ya bwana yangu," nikamwambia.

Aliileta kesho yake, ndani ya koti, kama mwizi. Jumamosi nilipiga nayo harusi yangu ya kwanza.