Mpini Usiouzwa Sokoni

Nakumbuka asubuhi moja kule mtaa wa Woodley, mwanangu, nikiwapelekea chai mume wangu Wafula na mdogo wake Barasa. Nilikuwa bibi arusi wa juzi, sijajua hata chumvi inakaa wapi jikoni kwa mama mkwe. Ndugu hao walikata miti kwenye nyua za watu, kutoka mtaa wetu wa Satellite hadi Hurlingham, kwa shoka moja walilorithi kwa baba yao.

Siku hiyo ulikuwa mkaratusi mkubwa. Wafula alikata shinani, Barasa akavuta kamba ili mti uangukie penye nafasi. Mara mti ukageuka, ukaja upande wa Wafula. Aliruka, majani yakamchapa mgongo.

"Umeachilia kamba!" akapiga kelele. "Unataka kuniua ubaki na hii shoka?"

"Si mimi, kamba imehepa mikononi," Barasa alijibu, amekunja ngumi zote mbili.

Wafula akaziona zile ngumi, akainua shoka. Nilipiga nduru, chai ikamwagika. Sijui kama ni nduru yangu au ni Mungu, lakini mkono ulibaki juu. Barasa akageuka, akaenda zake.

Mama mkwe, ambaye tuliishi naye Satellite, hakufoka alipopata habari. Aling'oa mpini wa shoka, akautia motoni, na hakuteleka chochote kwenye moto ule. Kwa watu wake, shoka lililoinuliwa juu ya mtu halirudi kazini mpaka mtu huyo achague mpini mpya kwa hiari yake.

"Lakini mama, mipini imejaa sokoni Kawangware," Wafula alisema.

"Wa jembe nenda ununue. Huu utauomba kwa mwenye shingo uliyoiinulia shoka."

Wafula alikuwa mkaidi, Mungu amrehemu. Alikaa siku kadhaa bila kazi, tukala sukuma wiki na ugali mpaka nikachoka kuutazama. Hasira ilikuwa yake, njaa ikawa yetu sote. Mwishowe nikamwambia, mimi mgeni wa nyumba, kwamba nitakwenda kuomba mwenyewe. Aibu ndiyo iliyomtoa.

Tulimkuta Barasa kwa rafiki yake huko Riruta, ameketi kitandani. Wafula alisimama mlangoni, akasema kwa sauti ndogo, "Nimekuja kuomba mpini."

Barasa alinyoosha mikono yote miwili mbele yake. Kisha akafungua viganja vyake. Mwanangu, havikuwa na ngozi. Kamba ilikuwa imepita nayo yote, kwa sababu hakuiachilia. Alimshikia ndugu yake mpaka nyama ikaonekana, na zile ngumi tulizoziona zilikuwa za maumivu.

"Ningekuonyesha saa ngapi?" aliuliza. "Shoka ilikuwa juu."

Wafula alipiga magoti, akalia kama mtoto. Nami nililia, maana niliona kaburi ambalo tungelichimba, tukimzika mtu asiye na kosa, na tusingejua kamwe.

Barasa alichagua mti wa mpini. Kuchonga hakuweza, kwa hivyo Wafula akachonga, mdogo wake akimwelekeza, "Hapo bado nene, punguza." Shoka likarudi kazini.

Leo nawasikia nyinyi vijana hapa mtaani, neno moja tu na mtu ameshika panga. Shoka husahau, mti hausahau. Chombo kinachokulisha ndicho hicho hicho kinachoweza kukutia jela maisha, na hakikuulizi unataka kipi. Kwa hivyo, mwanangu, ukimwona mwenzio amekunja ngumi, weka chini ulichoshika, umwombe akufungulie mkono. Ukikuta jiwe, utakuwa bado na miguu ya kukimbia. Ukikuta kidonda, utakuwa bado na ndugu.

Mungu aibariki kazi ya mikono yako. Akupe wa kukushikia kamba, nawe umjue angali hai.