Rafu za Baba

Nikipita sokoni penye papa mkavu, mpaka leo huinamisha uso.

Baba alipatana bei kwa ukali pale Malindi, akarudi na mbao za makasha ya papa, akagongomea rafu za kuwekea vitu kwenye banda la gari. "Nshaziosha kwa ndimu," alisema, "na wamenipa kwa bei ya kuni." Mama akapanga juu yake doti za kanga za kuwatunza wakwe wa dada.

Siku ya harusi, shangazi wa bwana harusi alifunua doti yake, akainusa.

"Jamani, tumekuja kuoa au kununua papa?"

Wanawake wakacheka. Dada akajifunika ushungi. Baba alikuwa nje ya mlango, anangoja rafu zake zisifiwe. Aligeuka akaenda bandani, tukamsikia aking'oa misumari na kuinyoosha, mmoja mmoja, maana hata siku ile hakuweza kuitupa.