Vinundu Nilivyomlaumia Daktari

Nasema kweli tupu: niliaibika. Daktari Mdachi wa Newala alinipasua tumbo, akatoa uvimbe uliotaka kumwacha mwanangu Asumini bila mama. Siku ya tano nikapapasa juu ya bendeji. Vinundu vigumu, vimejipanga mstari, na nikigusa panauma. Nikajua ameacha kitu ndani!

Nikapayuka wodi nzima isikie: "Vita vya Maji Maji vimekwisha, mbona mimi natiwa risasi tumboni? Nikifa, nani atamnyonyesha mtoto huyu?"

"Hebu lala, Mama Asumini," akasema Bi Tekla, mwuguzi wetu, Mmakonde mwenzangu. Akafungua bendeji taratibu. Pembeni mwa mshono palikuwa pamevimba kidogo, kama kidonda chochote kinachopona, na uvimbe huo umeziinua nembo zangu, chale nilizochanjwa na bibi yangu utotoni. Tangu nisome misheni nilizificha mpaka nikazisahau. Na yule daktari, masikini, alikuwa ameshona kwa ustadi wa ajabu, kila mstari wa nembo aliokuwa ameukata umekutana tena na nusu yake!

Nikavuta shuka nifiche uso. Bi Tekla akawageukia wagonjwa: "Jamani, risasi zenyewe alitiwa na bibi yake!"