Vanishi ya Ndege wa Wifi

Fundi Msasa ni mdogo wangu wa kunifuata; baba yetu alikuwa seremala, ndiye aliyetengeneza madawati ya shule niliyosomea, na babu alikuwa mchonga vinu. Yeye ametengeneza magitaa ya bendi tatu, na hakuna lililotoka mikononi mwake na mkwaruzo. Jina la Msasa alipewa na mkewe, mchora vibao vya maduka, aliyesema kuwa akiachiwa angesugua hata uso wa mgeni.

Wifi alifariki akiwa ameshachora gitaa la Kipara, mpigaji wa bendi ya harusi. Ndege wekundu, wanapaa toka chini ya nyuzi mpaka begani. Rangi aliipaka nene, kama kawaida yake. Ukipitisha kidole unahisi kila unyoya.

Baada ya mazishi Msasa alirudi kazini. Hakulia. Akipewa chakula alikula, akiachwa alikaa.

Kipara akaja, nami nipo karakanani. "Pole tena, fundi. Mimi nataka ling'ae kama kioo. Na vyuma viwe vya dhahabu, hata waliokaa nyuma waone."

Msasa alipanga funguo za kukazia nyuzi juu ya gitaa. "Dhahabu itawameza ndege," alisema, kama mtu anayesoma bei. "Hizi za kromu, utadhani bomba la hospitali."

"Basi nyeusi."

"Nyeusi tumevaa vya kutosha."

Kipara akanitazama. Mimi nikatazama dari.

Zikabaki za shaba iliyofifia. Zilikaa na ule wekundu kama zilizaliwa pamoja.

"Na kung'aa je?"

"Ling'ae kama kioo, lazima nisugue mpaka rangi ilale sawa." Kidole chake kilikuwa juu ya bawa. "Manyoya yataondoka."

"Si picha itabaki?"

"Picha itabaki. Mkono wake hautabaki."

Kipara alivua kofia, akaivaa tena. "Paka vanishi isiyong'aa, kaka. Waliokaa nyuma watasogea mbele."

Alipoondoka, Msasa alikoroga vanishi, akachovya brashi. Ndipo nikaona mkono wake wa kushoto umeshaokota kipande cha msasa na kukikunja, tayari kwa kazi. Naye akauona. Akautazama kama mkono wa mtu mwingine.

Kile kipande akakitia kwenye mfuko wa gauni langu. Brashi akanipa.

"Dada, paka wewe. Nyembamba, ufuate mbawa. Ukimaliza, usiniite nikague."