Shuka Zilizopotea Bila Mwizi

Saa moja na nusu asubuhi, katika chumba cha dobi cha hospitali, mwanamke mwenye miwani anaweka kompyuta mpakato juu ya meza ya kupigia pasi. Kwenye kioo chake, nukta za buluu zinatembea juu ya mishale, kutoka kisanduku hadi kisanduku. Kila nukta ni shuka moja.

"Hiyo inayokwenda wodini ndiyo niliyoikunja mimi?" anauliza dobi mzee, pasi ingali mkononi.

"Ndiyo, baba. Tena umeikunja vizuri."

Wafanyakazi humwita Mama Mishale. Kazi yake ni kuchora kwa programu ya kompyuta mapito ya shughuli za ofisi na hospitali, kisha kuziendesha humo kwa mfano, ili kasoro ionekane kabla haijamuumiza mtu. Siku thelathini za kazi hupita kiooni kwa dakika mbili.

Aliitwa hapa mwezi uliopita. Hospitali ilikuwa na shuka mia sita, ilhali zilizoonekana zikizunguka ni mia nne na kumi na mbili. Upasuaji tisa ulikuwa umeahirishwa. Dobi, mtumishi wa miaka ishirini na sita, alikwisha kupewa barua: ajieleze, la sivyo aondoke kwa wizi. Zilibaki siku tatu.

"Nilichora kama walivyoniambia," anasimulia Mama Mishale. "Nikaendesha. Shuka zikatosha na kubaki. Nikajua kuna jambo sikuambiwa."

Akaongeza kisanduku ambacho hakuna aliyekitaja: shuka zinazoingia wodini zikakawia huko. Akakadiria ishirini na saba kwa kila wodi, na wodi ni saba. Alipoendesha tena, chumba cha upasuaji kikaishiwa Jumatano alasiri, sawasawa na ilivyokuwa ikitokea.

Akamwendea muuguzi mkuu wodini, dobi akimfuata.

"Sista, naomba unifungulie kabati hilo."

"Mna vifaa tu humo."

"Vifaa gani vyenye pindo la buluu kama la shuka? Limebanwa na mlango."

Lilipofunguliwa, mlikuwa na shuka thelathini na moja. Wodi nyingine zilikuwa vivyo hivyo. Hakuna aliyeiba; kila muuguzi aliweka akiba akichelea mgonjwa wake asilale juu ya godoro tupu, na hofu hiyo ndiyo iliyozaa upungufu.

"Akiba haiozi," Sista alijitetea.

"Haiozi, Sista, lakini nusura inifukuzishe kazi," dobi akamjibu. Wakacheka wote, Sista akiwa wa mwisho.

Mchoro mpya ukaelekeza: shuka moja chafu itoke, moja safi iingie, kitoroli kipite mara mbili kwa siku. Sista alisita. "Mashine yako ikikosea, atakayekosa shuka ni mgonjwa wangu, si wewe."

Wakakubaliana majaribio ya siku kumi. Zilitimia juzi bila upasuaji hata mmoja kuahirishwa, na dobi akaletewa barua ya pili, ya kumtaka radhi.

"Nimeisoma mara tatu," asema. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Alhamdulillahi, yangu nimepewa."

Azma ya Mama Mishale sasa ni kwamba mtu asiandikiwe tuhuma kabla kazi yake haijachorwa na kuendeshwa. Mkurugenzi amekubali aendelee na jiko.

Habari hiyo imekwisha kuenea. Mpishi mkuu amesimama mlangoni, mwiko mkononi.

"Mwanangu, nasikia sahani hazitimii. Nichore upesi, kabla hawajaniandikia."