Rangi ya Ukuta Juu ya Keki

Mtaani walimwita Subiri, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Alikuwa fundi rangi tangu ujana wake, na hakuna nyumba aliyoipaka bila kuiachia amri yake: "Subiri ikauke." Mtu akinyoosha kidole kuujaribu ukuta, alikuwa na bahati kama kidole hicho hakikuchapwa kwa mpini wa brashi. Aliwahi kumzuia mwenye nyumba kuingia sebuleni mwake mchana kutwa, maskini ya Mungu akala chakula chake uani, amesimama kama mgeni asiyejulikana ametoka wapi. Watu husema ukuta una masikio. Subiri alishikilia kwamba una kinyongo pia, ukiguswa kabla ya wakati hausamehe.

Mkewe alikuwa mwoka keki, na kama mume alisifika kwa kuta, mke alisifika kwa maua. Alikuwa akiyachora kwa sukari juu ya keki, jani kwa jani, hata nyuki angetua juu yake bila kuuliza. Lakini mwaka ule mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Daktari akampa dawa na maneno mazuri. Dawa zilisaidia kidogo, maneno yakasaidia kidogo zaidi, na mkono ukaendelea na mambo yake. Mama wa watu akauhamishia kwenye mfuko wa aproni. Humo ukakaa kama mtoto aliyeadhibiwa, na wateja wakaja wakaambiwa jiko ni bovu.

Jiko lilikuwa zima. Subiri alilijua hilo, na lilimuuma.

Ndipo binti yao kitindamimba alipotangaza harusi. Nyumba ilishangilia mpaka jirani akagonga kuuliza kama wamefiwa au wameshinda bahati nasibu. Vigelegele vilipopoa, mama akasema keki itanunuliwa dukani.

"Dukani?" binti akauliza. "Mama, mimi niolewe na keki ya dukani?"

"Sitaki kukuaibisha mbele za watu kwa maua yaliyopinda."

"Basi yasiwepo maua. Mimi nataka keki yako, iwe na rangi ya chumba changu. Basi."

Hiyo rangi ya chumba inahitaji maelezo. Binti alipokuwa mdogo alikataa kulala peke yake, na baba yake akamwahidi chumba chenye rangi ambayo mtoto mwingine yeyote duniani hana. Akachanganya masalio ya makopo yote yaliyokuwa stoo. Ikatoka rangi ambayo ukiitazama asubuhi unasema buluu, jioni unaapa ni kijani, na ukiitazama sana unaanza kutabasamu bila sababu. Haina jina hadi leo. Mtoto alilala usiku ule ule.

Subiri hakuwa mtu wa kulia, lakini siku hiyo alitoka nje akajifanya anatafuta ngazi. Alijua kwamba mkewe asipoioka keki hii hataoka nyingine tena maishani. Alizunguka mtaa mzima akiwaza, na mbele ya duka moja la keki akasimama ghafla hata mtu aliyekuwa nyuma yake akamgonga. Dirishani kulikuwa na keki isiyo na ua hata moja. Imefunikwa yote, juu hadi chini, kwa zile punje ndogo ndogo za sukari za rangi. Imenyunyiziwa, imekwisha.

Alirudi nyumbani mbio, mtu mzima na heshima zake.

"Mama watoto! Zile punje za rangi, zile za kunyunyiza, unajua kuzitengeneza?"

"Chengachenga? Nani hajui? Lakini si zinauzwa kwenye pakiti."

"Za pakiti zinapiga kelele. Nyekundu, manjano, waridi. Rangi ya chumba hawana, na hawataipata."

Mkewe akakubali nusu. "Sawa. Kuoka nitaoka. Kupamba ni juu yako. Mimi na mkono huu hatumo."

Subiri akakubali upesi, kabla mkewe hajageuza maneno.

Alhamisi asubuhi wakaanza. Mke akakaa kitini, mkono mfukoni, akitoa amri kama nahodha. Sukari laini ya unga ichekechwe mara mbili. Ute wa yai, si kiini. Matone ya limau. Koroga mpaka iwe nzito kama dawa ya meno. Subiri aliandaa kila kitu, kisha akatoa mfukoni kibanzi cha rangi alichokibandua nyuma ya mlango wa chumba cha binti, akakiweka kando ya bakuli. Akaanza kudondosha rangi za chakula, tone la buluu, tone la kijani, jicho moja amelifumba.

"Ikikauka itakolea," mkewe akamwambia.

"Mimi huyu unaniambia habari za kukauka?"

Akaongeza sukari kidogo, ikafifia kidogo, akasema hapo hapo. Akajaza ule mkorogo kwenye mfuko wa nailoni, akakata kona ndogo kama tundu la sindano, na akaanza kuchora nyuzi juu ya karatasi ya kuokea. Nyuzi nyembamba, ndefu, zilizonyooka hata ungedhani alitumia rula. Kazi ilikuwa hiyo tu: uchore nyuzi, zikauke hadi kesho, kisha uzivunjevunje kwa vidole ziwe chenga. Ila keki ya watu wengi inataka nyuzi nyingi. Meza ikajaa. Kitanda kikajaa. Meza ya kupigia pasi nayo ikajaa. Mwishowe akaingiza ngazi zake mbili sebuleni, akalaza mbao juu yake, na karatasi zikapanda mpaka karibu na dari. Binti aliporudi kutoka kwa fundi cherehani ilibidi aingie kwa kutambaa.

"Mtu asiguse!" Subiri akatangaza. "Subiri zikauke!"

Mganga hajigangi, waliosema hawakukosea. Maishani mwake Subiri hakuwahi kukosa subira, kwa sababu kuta zile zote zilikuwa za watu. Nyuzi hizi zilikuwa zake. Zilikuwa za mwanawe, na za mkewe. Akakaa, akainuka. Akaenda kunywa maji, akapitia sebuleni. Akaenda kufunga dirisha lililokuwa limefungwa, akapitia tena sebuleni. Na kila alipopita, kidole kimoja kilimtoroka kikaenda kuuliza habari.

Ijumaa asubuhi mkewe aliinamia karatasi ya kwanza. Akainamia ya pili. Kila uzi ulikuwa na kishimo katikati.

"Baba watoto."

"Naam."

"Hivi vishimo ni vya nini?"

"Labda panya."

"Panya mwenye alama za vidole? Hebu nioneshe mkono."

Subiri akauficha nyuma. Mkewe akauvuta. Kidole cha shahada kilikuwa na rangi ile ile isiyo na jina, na alipofungua kinywa kujitetea, ulimi nao ulikuwa na rangi hiyo hiyo.

Hapo mama wa watu alisahau. Alichomoa mkono wake mfukoni, akanyakua mwiko, akamchapa mumewe begani mara moja. Lakini mkono ule ulikuwa na hesabu zake. Pigo moja likawa manne, ta-ta-ta-ta, kama mtu anayebisha hodi kwa haraka. Wakatazamana. Subiri akasema, "Karibu, mlango uko wazi," na mkewe akaangua kicheko. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, na Subiri naye akakaa, wakashikana mabega wanacheka, mbavu hawana. Miezi ilikuwa imepita hajakisikia kicheko hicho, na Subiri alijiona kijana aliyeposa jana. Kisha mke akauona mkono wake uko nje, akaurudisha mfukoni.

Nyuzi walizivunja hivyo hivyo. Zilizokuwa na vishimo zikatoa chenga zenye umbo la visahani vidogo, na binti akasema hizo ndizo nzuri kuliko zote.

Jumamosi, siku ya harusi, keki ilikuwa mezani, imepakwa sukari nyeupe, laini. Na hapa ndipo Subiri alipoambiwa jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kumwambia.

"Usisubiri," mkewe akasema. "Sukari ikikauka, chenga hazishiki. Nyunyiza sasa hivi."

Subiri alibabaika. Umri wote alikuwa akipigana na watu wenye haraka, leo anaambiwa aharakishe! Akachota konzi nzima, akairusha. Ikatua rundo moja upande wa kushoto. Akarusha nyingine, ikaanguka sakafuni zaidi kuliko kwenye keki.

"Unapamba keki au unapiga lipu?" mkewe akapaza sauti.

"Zinakataa!"

"Polepole! La, haraka! Haraka lakini polepole!"

"Niamue lipi?"

Sukari ilikuwa imeanza kupoteza mng'ao pembeni. Subiri akatazama rundo lake, akatazama saa. Keki ya mwisho ya mkewe ingeingia ukumbini na upara.

"Inakauka, baba watoto! Inakauka!" Na kabla ya kufikiri, mkewe akautoa mkono wa kulia, akachota chenga, akaunyoosha juu ya keki.

Mkono ukatetemeka. Chenga zikaanza kuponyoka kati ya vidole, moja moja, mbili mbili, zikishuka kama manyunyu, na zikatua kila mahali sawasawa. Hapakuwa na rundo wala pengo. Mke akaganda, yaani mwili uliganda, mkono ukaendelea. Akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. Akachota tena. Manyunyu tena.

"Unaona?" akanong'ona. "Baba watoto, unaona huu mkono?"

"Naushika nikusaidie?"

"Ole wako! Usiuguse! Uache utetemeke!"

Akaanza kucheka, na kila alipocheka mkono ulizidi, na ulipozidi chenga zilienea vizuri zaidi. Akaizunguka meza kwa mwendo wa kucheza, Subiri nyuma yake na bakuli, binti akatokea mlangoni nusu ya nywele zimesukwa nusu zimesimama, akapiga kelele, akaingia kwenye msafara. Keki ikageuka buluu, ikageuka kijani, ikawa ukuta wa chumba cha mtoto anayeogopa kulala peke yake.

Ukumbini, keki ilipowekwa mbele, watu walisogea na simu zao. Mpishi wa ukumbi, mtu wa kofia ndefu, akaizunguka, kisha akauliza kwa sauti kubwa, "Nani amenyunyiza hii? Mkono wa nani huu?"

Subiri akafungua kinywa ajibu. Hakuwahi. Mkewe alikuwa ameshasimama, na mkono wa kulia ulikuwa juu, juu ya vichwa vyote, unatetemeka mbele ya ukumbi mzima. "Wangu," akasema. "Mwenye kazi aje wiki ijayo. Jiko limepona."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Subiri alijikaza, akashindwa, machozi yakamtiririka mpaka kwenye kola. Alipoinua mkono kuyafuta, binti yake akaudaka hewani.

"Usiguse, baba," akamwambia. "Subiri yakauke."